Jinsi ya Kuandaa Tukio la Mashabiki Mtandaoni Ambalo Hata Mwenye Hofu ya Watu Atashiriki: Mwongozo Kamili

Maadmini wengi wa makundi ya mashabiki Arusha na Moshi wana lalamiko moja. Tangazo linatoka mapema, bango linapendeza, limeandikwa "hata wenye aibu karibuni sana", halafu usiku wa tukio wanaongea walewale watano. Wengine wanaingia, wanakaa dakika tatu, wanatoka. Wiki inayofuata tangazo linakuja na ukali: "Tunaomba ushirikiano, kundi hili si la kusoma tu."

Ukali huo ndio unaozidi kuwafukuza. Mtu mwenye hofu ya kujumuika anatamani kushiriki kama mwingine yeyote. Timu anaijua, tamthilia ameimaliza, mistari ya wana hip hop wa Chuga (Arusha) anayo kichwani. Kinachomkimbiza ni kushtukizwa: kutajwa jina ghafla, kamera kuwaka bila kutarajia, kuulizwa "na wewe uliyenyamaza, unasemaje?" Kwa hiyo kazi yako kama mwandaaji ni moja: ondoa kila kinachoweza kumshtukiza, tangu wiki moja kabla ya tukio hadi siku mbili baada yake.

Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa chemsha bongo, kusikiliza albamu pamoja, kutazama sehemu mpya ya tamthilia, au mjadala wa baada ya mechi.

## Mahitaji

- Waandaaji watatu. Mmoja anaendesha, wa pili ni msaidizi anayepokea ujumbe wa faragha, wa tatu anasoma gumzo na kuzuia kejeli. Mtu mmoja hawezi kuendesha na kusikiliza kwa wakati mmoja, na wanaoumia kwanza akijaribu ni wale wasioweza kupaza sauti.
- Kundi la WhatsApp mlilonalo tayari.
- Akaunti ya Zoom au Google Meet, iwapo mtatumia sauti. Ya bure inatosha.
- Fomu ya Google kwa maswali na majibu yasiyo na majina.
- Ratiba ya maandishi isiyozidi ukurasa mmoja wa simu.
- Simu mbili zenye chaji kamili na bando la mitandao miwili tofauti. Umeme ukikatika Sakina au Majengo, tukio lisife na mwendeshaji.
- Jioni mbili za maandalizi.

## Hofu hii inafanyaje kazi

Aibu ya kawaida huisha mtu akizoea watu. Hofu ya kujumuika ni nzito zaidi: ni woga wa kudumu wa kutazamwa na kupimwa na wengine, na mara nyingi huanza katika umri wa ujana, umri uleule wa mashabiki wengi. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, koo linakauka, kichwa kinafutika kabisa hata jibu ulilokuwa nalo.

Hofu hii ina nyakati tatu, na waandaaji wengi hushughulikia mmoja tu. Kabla ya tukio mtu anajenga picha za aibu itakayompata. Wakati wa tukio anajitazama yeye mwenyewe badala ya kufuatilia mazungumzo. Baada ya tukio analala akirudia kila neno aliloandika, akitafuta alipokosea. Ndiyo maana kumwambia "usiogope, jiachie tu" hakusaidii. Anahitaji kujua nini kitatokea, saa ngapi, na kwamba kukaa kimya ni halali.

## Hatua ya 1: Rekebisha kanuni za kundi (siku 7 kabla)

Futa kanuni mbili ambazo karibu kila kundi linazo.

Ya kwanza ni "mgeni jitambulishe: jina, unapoishi, picha moja". Moshi mjini ni padogo, na Arusha si pakubwa kama watu wanavyodhani. Anayejianika kundini leo, kesho anakutana na mtu wa kundi hilohilo Mbuyuni sokoni au stendi. Namba yake ya simu tayari inaonekana kwa wote, na sasa unamtaka aongeze uso na mtaa.

Ya pili ni ile ya "kusafisha kundi" kwa kuwatoa wasiochangia. Mwenye hofu anaweza kusoma kwa miezi mitatu kabla ya kuweka emoji yake ya kwanza. Ukimtoa mwezi wa pili, hutajua kamwe angesema nini.

Weka ujumbe kama huu badala yake, na uubandike juu ya kundi:

> "Karibu. Hapa hakuna kujitambulisha kwa lazima. Unaweza kusoma tu muda wote unaotaka. Hatumtaji mtu jina ili achangie. Ukiwa na swali, mwandikie msaidizi wetu faragha. Hatalileta kundini bila ruhusa yako."

Yapo mambo mawili ya WhatsApp ambayo maadmini wengi hawayafikirii. Alama za bluu zikizimwa kwenye mipangilio ya WhatsApp, bado zinabaki kwenye makundi, hivyo mtu anajua kwamba mwandishi anaweza kufungua maelezo ya ujumbe na kuona nani amesoma. Usiandike kamwe "naona mmesoma watu arobaini na hakuna aliyejibu." Pia, tangu 2022 anayetoka kundini hutangazwa kwa maadmini peke yao, lakini wengine wanaweza kuangalia orodha ya waliotoka kwa siku 60. Admini anayeandika "jamani fulani ametoka, tumemkosea nini?" anaifuta faida yote ya mpangilio huo.

Ukifanikiwa: mgeni anaingia, anapokea "karibu" moja, na mazungumzo yanaendelea bila kumzunguka yeye.

## Hatua ya 2: Chagua jukwaa (siku 6 kabla)

Kama hili ni tukio lenu la kwanza la aina hii, lifanyeni kwa maandishi matupu ndani ya WhatsApp. Ushauri huu tunautoa kwa mkazo. Maandishi yanampa mtu nafasi ya kufikiri, kufuta na kuandika upya. Tena watu wengi wanaishi vyumba vya kupanga au nyumba za familia. Anayeongea kwenye simu Pasua au Ngarenaro anasikika hadi kwa jirani, na mwenye hofu ana wasikilizaji wa aina mbili wa kuwaogopa.

Mkishaweza maandishi, ndipo mwende kwenye sauti. Linganisheni hivi:

Simu ya kundi ya WhatsApp. Inabeba watu wasiozidi 32, na ikipigwa kwa kawaida inaita kwenye simu za wanakundi. Simu kulia ghafla mbele ya familia ni ushtukizaji wa wazi kabisa. Kama ni lazima muitumie, tengenezeni kiungo cha simu na mkitume kabla, ili kila mtu aingie mwenyewe kwa wakati wake.

Google Meet. Kwa bure, kikao cha watu watatu na zaidi kinakatika baada ya dakika 60. Udhaifu wake ni kwamba mshiriki anaonekana kwa jina la akaunti yake ya Google, ambalo kwa wengi ni jina kamili la shuleni au kazini, na hawezi kulibadili akiwa ndani ya kikao.

Zoom. Kwa bure inakatika baada ya dakika 40, lakini mtu anaweza kujipa jina lolote akiwa anaingia. Kwa hofu ya kujumuika, jina la bandia lina thamani kuliko dakika 20 za ziada. Tunapendekeza Zoom.

Onyo: dakika 40 zinahesabiwa tangu kikao kilipoanza, siyo tangu mwendeshaji aliposalimia. Ukifungua chumba robo saa kabla, umebakiwa na dakika 25. Kikao kikikatika mtu akiwa katikati ya sentensi yake ya kwanza, ataamini amekatwa yeye.

## Hatua ya 3: Andika ratiba ya dakika kwa dakika (siku 5 kabla)

"Tukutane saa tatu usiku, kutakuwa na michezo na zawadi" ni tangazo zuri kwa asiye na hofu. Mwenye hofu anajiuliza: michezo gani? Nitaitwa? Nikichelewa wataniona? Majibu asiyopewa anayajaza mwenyewe, na huyajaza kwa mabaya. Ratiba ya chemsha bongo ya maandishi inaweza kuwa hivi:

> Saa 2:45 usiku. Kundi linafunguliwa. Unaweza kuingia bila kusalimia.
> Saa 3:00. Mwendeshaji anasalimia na kusoma kanuni. Hakuna anayeulizwa kitu.
> Saa 3:05. Maswali 10 ya kwanza. Majibu yanajazwa kwenye fomu kwa jina lolote utakalojipa.
> Saa 3:20. Mapumziko, dakika 5.
> Saa 3:25. Maswali 10 ya pili.
> Saa 3:40. Majibu sahihi, kisha majina matatu ya juu, kama walivyojiita kwenye fomu.
> Saa 3:50. Mwisho rasmi. Wanaotaka kuendelea kupiga soga wanaweza. Wanaoondoka hawahitaji kuaga.

Sentensi za "bila kusalimia" na "hawahitaji kuaga" zina uzito kuliko zinavyoonekana. Kwetu kuingia mahali bila salamu ni utovu wa adabu, na kuondoka bila kuaga ni vibaya zaidi. Mtu mwenye hofu aliyelelewa vizuri anabanwa na mambo mawili: anaogopa kusalimia, na anaona aibu kutosalimia. Akichelewa dakika tano, anaona afadhali asiingie kabisa. Ruhusa hiyo lazima itolewe kwa maandishi, na mwandaaji, siku kadhaa kabla.

Ratiba ikishatoka, ifuate. Ukiongeza "mchezo wa kushtukiza" kwa nia njema, umevunja ahadi yote.

## Hatua ya 4: Tengeneza ngazi za kushiriki (siku 4 kabla)

Kosa kubwa ni kuwa na njia mbili tu: kuongea au kunyamaza. Weka ngazi hizi, na uzitaje kwenye tangazo:

1. Kusoma au kusikiliza.
2. Kuweka emoji kwenye ujumbe wa mwingine.
3. Kujaza fomu bila jina.
4. Kuandika kwenye gumzo.
5. Kumtumia msaidizi voisi kabla ya tukio, aichezeshe au aisambaze.
6. Kuongea moja kwa moja.

Ngazi ya 3 ndiyo inayoharibika mara nyingi. Maadmini hutumia kura ya WhatsApp wakidhani ni ya siri, kumbe kwa kawaida mtu yeyote kundini anaweza kufungua matokeo na kuona nani kapigia nini. Kwa mtu anayeogopa kupimwa, kura ya "nani mchezaji bora" yenye jina lake pembeni ni sawa na kusimamishwa ukumbini. Tumia fomu ya Google na uhakikishe mambo matatu: haikusanyi barua pepe, hujaweka kikomo cha jibu moja kwa mtu (hicho kinalazimisha kuingia na akaunti), na hujaweka swali la kupakia faili (nalo linadai akaunti). Ijaribu kwenye simu ambayo haijaingia Google. Ikifunguka moja kwa moja, iko sawa.

Ngazi ya 5 inawafaa sana wanaotaka kusikika bila kusubiriwa. WhatsApp inamruhusu mtu kuisikiliza voisi yake kabla ya kuituma, hivyo anaweza kurekodi mara kumi na kutuma moja. Msaidizi akiisambaza kundini, jina la mwenyewe halionekani. Lakini sauti inajulikana: katika kundi lenye watu wa shule moja au kwaya moja, muulize mwenyewe kwanza, "niisambaze au niiandike kwa maneno?"

Onyo kuhusu zawadi. "Mchangiaji bora wa usiku" humpa tuzo anayeongea zaidi, na huwaambia wengine kwamba ngazi za chini ni za wazembe. Toa zawadi kwa majibu sahihi, au kwa bahati nasibu ya wote waliojaza fomu.

Ukifanikiwa: kabla ya siku ya tukio msaidizi atapata angalau ujumbe mmoja wa faragha wenye swali dogo, kama "nikiingia na jina lingine ni sawa?" Swali hilo maana yake kuna mtu anajipanga kuja.

## Hatua ya 5: Fungua chumba cha majaribio (siku 1 kabla)

Hii ni kwa tukio la sauti tu. Fungueni Zoom kwa dakika 20, watu wasizidi sita, na kazi iwe moja: kujaribu vitufe. Kuingia, kubadili jina, kuzima na kuwasha maiki, kuandika, kutoka, kurudi. Msaidizi aonyeshe kwa vitendo kwamba mtu akitoka na kurudi, hakuna anayesema "karibu tena".

Zoezi hili linapunguza hofu kwa sababu rahisi: mtu aliyekwisha kuiona sura ya chumba hana tena cha kubuni usiku kucha. Asiyependa kuja atumiwe picha tatu za skrini, zikionyesha kitufe cha maiki, cha gumzo na cha kutoka. Picha hizo zisiwe na majina ya watu.

## Hatua ya 6: Panga mipangilio ya Zoom (saa 2 kabla)

- Washa chumba cha kusubiri, lakini mwendeshaji asimwache mtu humo zaidi ya nusu dakika. Anayesubiri dakika tatu mbele ya skrini tupu anaondoka.
- Maiki zote zizimwe mtu anapoingia. Kamera pia, na waandaaji wenyewe wazime za kwao. Mwendeshaji mwenye kamera iliyowaka anawafanya wengine wahisi wana deni.
- Zima mlio wa kuingia na kutoka.
- Gumzo liruhusu ujumbe kwa wote na kwa mwenyeji, lakini washiriki wasiweze kuandikiana faragha. Mlango huo ndio wanaoutumia wasumbufu.
- Usigawanye watu kwenye vyumba vidogo kwa bahati nasibu. Kumtupa mtu mwenye hofu kwenye chumba na wageni wawili, bila onyo, ni kumfukuza.

Zoom ya bure haina mwenyeji msaidizi, hivyo ujumbe wa faragha ndani ya kikao unamfikia mwendeshaji peke yake, ambaye ana kazi nyingine. Tumieni namba ya WhatsApp ya msaidizi kwa mambo yote ya faragha. Kuna sababu nyingine: kwenye gumzo la Zoom ni rahisi mtu kusahau kubadili mpokeaji na siri yake ikaenda kwa wote.

Ukizuia watu wasijiwashie maiki, kumbuka kwamba atakayeruhusiwa kuongea anatokewa na ombi katikati ya skrini likimtaka awashe. Usilitume ghafla. Msaidizi amuulize kwanza WhatsApp, "uko tayari sasa, au baada ya anayefuata?" Asubiri jibu.

## Hatua ya 7: Usiku wenyewe

Mwendeshaji aanze kwa kusoma kanuni nne, kwa sauti tulivu, na hata kama watu wanazijua:

> "Kamera zimezimwa na zitabaki hivyo. Hatumwiti mtu jina. Haturekodi sauti wala picha, na tunaomba hakuna anayepiga picha skrini. Utani ni kwa timu na wasanii, siyo kwa mshiriki."

Hiyo ya mwisho inahitaji mtu wa kuisimamia. Utani wa Simba na Yanga ni sehemu ya raha ya ushabiki na hakuna sababu ya kuuzuia. Ila "Simba mmeisha" ni jambo moja, na "wewe unayeandika kama mtoto wa darasa la pili mpira umeujulia wapi" ni jingine. Mtunza gumzo aufute ujumbe wa pili mara moja (admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote) na amwandikie mhusika faragha. Asimkaripie hadharani. Mwenye hofu akiona mwingine anakaripiwa, anajiona yeye ndiye anayefuata.

### Ukimya baada ya swali

Mwendeshaji anauliza, "Mnaonaje sehemu ya jana?" Sekunde kumi zinapita, anaingiwa na wasiwasi, anajaza kwa maneno yake au anamtaja mtu. Acha. Kuandika jibu kwenye simu kunachukua dakika nzima au zaidi, na mwenye hofu huandika, hufuta, huandika tena. Subiri dakika mbili kamili. Unaweza kusema, "Nawapa dakika mbili, nitacheza kipande cha wimbo hapa," na ufanye hivyo.

Kwenye kundi la WhatsApp kuna mtego mwingine. Juu ya skrini yanatokea maneno "fulani anaandika…", yanapotea, yanarudi. Mwendeshaji mchangamfu anaandika: "Naona unaandika, lete vitu!" Mtu aliyekuwa anatafuta neno moja sasa anajua watu wote wanamsubiri. Anafuta kila kitu na kuzima data. Ukiyaona maneno hayo, nyamaza, au endelea na jambo lingine dogo hadi ujumbe ufike.

### Mtu anapochangia kwa mara ya kwanza

Hapa ndipo waandaaji wenye moyo mwema wanapoharibu zaidi. Aliyekaa kimya miezi minne anaandika mstari mmoja: "Mimi naona yule kaka hakumuua baba yake." Kundi linalipuka: "Weeee! Leo umeongea!" "Kumbe upo!" "Tumpigieni makofi jamani!" Stika kumi na tano zinafuata. Wote wanafurahi kwa dhati, lakini yeye amepewa kile alichokuwa anakiogopa tangu mwanzo: kutazamwa na kila mtu kwa pamoja. Mkijiuliza kwa nini hatarudi tena, jibu ni hilo.

Jibu alichosema, kama unavyomjibu mtu wa kila siku: "Lakini ile damu kwenye shati lake ilitoka wapi?" Swali liende kwa wote, ili asijione analazimika kujibu tena. Wafundisheni wale watano waongeaji jambo hili kabla ya tukio, kwa ujumbe wa faragha. Ndio watakaolilinda kundi au kuliangusha.

Ukifanikiwa: mchango wa kwanza unapita kama mchango wa kawaida, na ndani ya dakika kumi hakuna anayekumbuka kwamba ulikuwa wa kwanza.

## Hatua ya 8: Baada ya tukio

Malizeni saa iliyoandikwa. Kisha, kabla ya kulala, msaidizi aweke ujumbe huu kundini:

> "Asanteni. Ukitaka kufuta ulichoandika leo, futa tu, hakuna atakayeuliza. Hatutasambaza chochote nje ya kundi."

WhatsApp inamruhusu mtu kufuta ujumbe wake kwa wote kwa muda wa siku mbili na ushei. Kujua tu kwamba mlango huo upo kunamsaidia anayeanza kurudia maneno yake kichwani saa sita usiku. Wengi hawafuti, ila wanalala.

Asubuhi toa muhtasari wa mistari mitano wenye hoja, bila majina ya waliozitoa. Aliyeona hoja yake imetajwa miongoni mwa nyingine anapata uthibitisho kwamba alieleweka. Picha za skrini zenye majina au namba zisiende popote, hata kwa kusifu. Kama siku moja mtarekodi, ombeni ridhaa ya kila mtu mapema na mseme rekodi itafutwa lini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti na sura ya mtu ni mali yake.

Tuma fomu fupi isiyo na jina, maswali matatu tu: Ulishiriki kwa ngazi ipi? Kuna dakika uliyotaka kutoka, na ilikuwa ipi? Tubadili nini? Swali la pili ndilo la dhahabu. Majibu matatu yakitaja dakika ileile, umepata cha kurekebisha.

Usipime mafanikio kwa idadi ya walioongea. Angalia waliobaki hadi mwisho, waliojaza fomu, na waliopanda ngazi moja tu tangu tukio lililopita. Tukio linalofuata liwe siku ileile ya wiki, saa ileile, kwa ratiba ileile. Mazoea yanapunguza hofu kuliko maneno yoyote ya kutia moyo.

## Mtu anapohitaji zaidi ya kundi

Huenda mtu akamwandikia msaidizi kwamba hofu hii inamzuia kwenda chuo, kazini au hata dukani. Msaidizi asijifanye daktari. Amsikilize, asimwambie aombe tu au ajikaze, na amweleze kwamba hali hii inatibika: kuna tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuzikabili hali anazoziogopa kidogo kidogo, na wapo wanaohitaji dawa pia. Pa kuanzia ni kuulizia huduma ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru kwa Arusha na Mawenzi kwa Moshi, au hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa anayeogopa kuongea na mtu wa mapokezi, msaidizi anaweza kumwandikia sentensi ya kuonyesha kwenye simu: "Naomba kuonana na daktari wa afya ya akili. Naona shida kueleza kwa mdomo."

## Yakiharibika katikati

Mwendeshaji amemtaja mtu jina kwa bahati mbaya. Aseme "samahani, swali ni la wote" na aendelee palepale. Asiombe radhi mara tatu. Kila radhi inamrudisha mtu yule mbele.

Mtu ametoka ghafla. Msifuatilie kundini. Msaidizi amwandikie kesho yake, mstari mmoja usiodai jibu: "Tukio lijalo ni Alhamisi saa tatu, ratiba ileile."

Umeme au mtandao umekatika. Ratiba iwe imeshasema kabla: Zoom ikikatika, tunahamia kwenye kundi kwa maandishi baada ya dakika 5. Bila sentensi hiyo, mwenye hofu anaamini ametolewa.

Msumbufu ameingia. Mtoe bila onyo la hadharani, kisha mwendeshaji aseme, "Tumemtoa mtu mmoja aliyevunja kanuni, tunaendelea na swali la sita."

Hakuna aliyeandika kitu kabisa. Fungua fomu uhesabu majibu. Kama watu ishirini wamejaza, tukio limefanyika. Kama hakuna hata mmoja, ijaribu fomu kwenye simu nyingine kwanza, maana mara nyingi kumbe inadai kuingia na akaunti.